UZI: Kompyuta ya dukani imeibwa, na ndani yake mna nusu ya mji

Mchapaji_Arua | Jumatatu, saa 3:40 usiku

Salaam wana jukwaa. Jambo hili nimelala nalo siku kumi na moja, leo nalitoa.

Nina duka la kuchapa hapa Arua mjini, Uganda. Duka la namna hiyo mnalijua hata kama hamjafika kwangu: mashine mbili za fotokopi, kompyuta tatu, printa moja inayokohoa, benchi la mbao, na kile kikatio cha karatasi ambacho kila mtoto anayeingia lazima akiguse. Tunachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, mitihani ya shule za msingi, ratiba za mazishi. Tunaskani vyeti. Mtu akitaka kuomba kazi kwenye intaneti na hajui pa kuanzia, tunamfungulia barua pepe na kumjazia fomu. Huu ni mwaka wa kumi na tatu.

Wiki ya juzi umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi nikakuta bati la nyuma limefunuliwa kama kopo. Fotokopi hazikuguswa, ni nzito. Ilikwenda kompyuta moja, ile ya katikati, pamoja na bakuli la chenji. Majirani wakaja kunipa pole kama watu waliofika msibani: shukuru Mungu ni moja tu. Nami nikashukuru. Ilikuwa mashine ya mkono wa pili, hata laki sita nisingepata nikiiuza.

Siku ya tatu akaja mama mmoja muuza samaki wakavu. "Mwanangu, kile kitambulisho changu ulichokipiga mwaka jana bado kimo humo ndani? Chenyewe nimekipoteza." Si ombi geni, watu wamenifanya kabati lao. Nikageuka kukitafuta, nikakumbuka kimo kwenye ile ya katikati. Ndipo mikono ikaanza kunitetemeka, maana sasa nilikuwa nahesabu vingine vilivyomo.

Folda inaitwa SKANI, na tangu 2016 hakuna aliyewahi kuifuta. Ilipokuja PDM, ule mpango wa serikali wa kuwapa watu mtaji, mwaka 2022, watu walipanga foleni mlangoni kwangu na Ndaga Muntu (kitambulisho cha taifa) mkononi, kila mmoja anataka nakala ili aombe ile milioni moja. Fotokopi ilikuwa inakwama kila saa, kwa hiyo tukawa tunaskani kwanza, halafu tunachapa. Kila skani ikabaki, mbele na nyuma. Humo mna mikataba ya ardhi yenye sahihi za muuzaji, mnunuzi na mashahidi. Mna CV zenye namba za simu za wadhamini. Mna barua za hospitali ambazo sikupaswa hata kuzisoma.

Halafu kuna faili moja la Excel. Hili ndilo aibu yangu. Jina lake EMAIL ZA WATEJA, na ndani mna anwani za barua pepe nilizowafungulia watu, pamoja na nywila zake. Niliziandika kwa nia njema, kwa sababu mtu anafunguliwa leo, anarudi baada ya miezi minne hakumbuki hata herufi ya kwanza.

Najiuliza mambo mawili. Kompyuta ilikuwa na nywila ya Windows, je, mwizi wa kufunua bati anaweza kuingia? Na hawa watu nawaambiaje?

---

DadaKasese | Jumatatu, saa 3:52 usiku

Excel yenye nywila za wateja. Kaka. Kaka!

---

FundiWaBusia | Jumatatu, saa 4:20 usiku

Pole sana kaka. Nikujibu la kwanza, na halitakufurahisha.

Nywila ya Windows humzuia mtu anayewasha kompyuta kwa adabu. Asiye na adabu anafungua skrubu nne, anatoa diski, anaichomeka kwa kebo kwenye mashine nyingine, na folda yako SKANI inafunguka kama flashi ya mtoto wa shule. Haihitaji mdukuzi. Vijana wa mtaa ninaofanyia kazi hufanya hivyo kila siku, tena kwa wema, wakiokoa picha za wateja ambao Windows yao imekufa.

Hata ulivyovifuta zamani vinaweza kurudi. Ukifuta faili na kumwaga kapu, kompyuta huondoa tu jina kwenye orodha yake na kusema nafasi ile iko wazi. Maandishi yenyewe yanaweza kubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Zipo programu za bure za kuyafufua.

Dawa ilikuwa kusimba diski nzima, yaani kuyageuza yote yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Windows ya Pro ina BitLocker. Ya Home haina ile kamili, lakini VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi. Diski iliyosimbwa ikiibwa, mwizi amepata chuma tu. Ila BitLocker hukupa ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Usiuhifadhi kwenye kompyuta ileile! Nimewahi kuletewa laptopu ya mzee mmoja, bodi imeungua, diski nzima kabisa, na ufunguo ameuweka kwenye eneo-kazi la laptopu hiyohiyo. Tulikaa tukatazamana.

La pili nawaachia wenye sheria. Lakini usingoje sheria: kesho asubuhi anza na hizo barua pepe. Kitambulisho kilichoskaniwa mwizi atakitafutia kazi, barua pepe tayari ni kazi. Mwenye barua pepe yako anaomba "nimesahau nywila" kila mahali ulikojisajili, na majibu yote yanamfikia yeye.

---

Mchapaji_Arua | Jumatatu, saa 4:31 usiku

Orodha ilikuwa kwenye mashine iliyoibwa. Ila nina flashi ya mwaka jana, nadhani nakala ya zamani imo. Kesho naanza kupiga simu.

---

MtotoWaClockTower | Jumatatu, saa 5:05 usiku

Mnamtisha mzee wa watu bure. Mwizi wa Arua anataka pesa ya waragi, ameshaiuza hiyo mashine Ariwara ng'ambo ya mpaka na diski wameifomati. Adui ni wadukuzi wa nje, wale wenye mitambo.

---

Mama_Bombo | Jumanne, saa 12:15 asubuhi

@MtotoWaClockTower mwanangu, wadukuzi wa nje? Novemba 2024 waziri wa nchi alisimama Bungeni akathibitisha kuwa akaunti za Benki Kuu zimeingiliwa. Mji mzima ukasema ni watu wa ng'ambo. Mwaka uliofuata waliofikishwa mahakamani ni maofisa wa Wizara ya Fedha yetu. Kesi ni ya mahakama, mimi siihukumu. Lakini tangu siku hiyo nikisikia "wadukuzi" huuliza kwanza nani alikuwa na ufunguo.

Sasa nieleze ya kwetu. Mdogo wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja saa nane mchana simu yake ikapoteza mtandao. Akadhani ni mnara. Akaendelea kuuza misumari. Jioni akaazima simu ya jirani, akapiga namba yake mwenyewe, ikapokelewa na mwanamume asiyemjua, akakata. Laini ilikuwa imehamishiwa kadi nyingine. Pesa ya kwenye simu imekwenda, na mkopo umechukuliwa kwa jina lake juu yake.

Kampuni siitaji. Ila nataka muelewe kanuni ilivyo: mwaka 2018 UCC, tume ya mawasiliano, ilizuia kuuza laini bila mashine ya kielektroniki ya kuhakiki kitambulisho. Kwa hiyo karatasi peke yake haitakiwi kutosha. Kwa mdogo wangu ilitosha, maana yake kulikuwa na mkono ndani. Na mkono huo ulihitaji nini? Jina kamili, NIN (namba ya kitambulisho cha taifa), tarehe ya kuzaliwa. Yaani karatasi ya fotokopi.

Simu ikipoteza mtandao ghafla na ya jirani yako inasoma, usiuze misumari. Azima simu, piga kampuni, waambie wafunge laini.

---

BodaMsomi | Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Nyongeza ndogo kwa mama. Tazameni NIN yenu. Herufi na tarakimu 14. Ya kwanza C kwa raia, ya pili M au F, halafu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Sasa niambieni wangapi humu PIN yao ya mobaili mani inatokana na mwaka wa kuzaliwa. Msijibu.

---

DadaKasese | Jumanne, saa 1:44 asubuhi

Nimeenda kubadilisha. Narudi.

---

Wakili_Mdogo | Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Nimeombwa kwenye inbox nije. Nitasema kwa kifupi, huu si ushauri rasmi.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na kanuni zake za 2021. Anayesimamia ni Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Watu hudhani sheria hii ni ya benki na kampuni za simu. Hapana. Anayekusanya au kuhifadhi taarifa za watu anaguswa, na anatakiwa kujisajili kwenye ofisi hiyo. Duka lenye folda SKANI ya miaka kumi limo.

Taarifa zikivuja au zikichukuliwa, unatakiwa kuiarifu mamlaka hiyo mara moja, useme nini kimechukuliwa na umefanya nini kuziba. Mamlaka ndiyo inayoamua kama wahusika waarifiwe, na njia zinazotajwa ni pamoja na barua, barua pepe na vyombo vya habari. Mtu binafsi anayetoa au kuuza taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi pointi 245, ambazo kwa elfu ishirini kila moja ni milioni 4 na laki 9, au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili. Kampuni inaweza kupigwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Kaka, wewe hukuuza, umeibiwa. Usiogope kwenda. Kinachokuchongea ni zile siku kumi na moja.

Na sharti moja ambalo wengi hawalisikii: taarifa haikai kuliko kazi iliyoiletea. Mama yule alikuja kupata nakala ya PDM. Nakala ikatoka. Kazi ikaisha siku hiyo.

---

Mchapaji_Arua | Jumanne, saa 7:30 mchana

Nimeenda polisi kuongeza maelezo. Afande aliandika awali "kompyuta moja, rangi nyeusi". Nikamwomba aongeze yaliyomo. Akaniuliza, "Yaliyomo yana bei gani?" Sikujua nimjibu nini, akaandika "nyaraka za wateja".

Barua ya mamlaka nimeituma kwa msaada wa @Wakili_Mdogo, asante sana. Flashi imefunguka. Majina 212. Nimeshawapigia 60, na 23 namba hazipo tena.

---

FundiWaBusia | Jumanne, saa 8:00 mchana

Unaowapata waambie haya, kwa mpangilio huu. Wabadilishe nywila. Halafu waingie kwenye usalama wa akaunti yao ya Google, watazame orodha ya vifaa, waondoe kila kisicho chao. Kubadilisha nywila bila kutazama vifaa ni kubadilisha kufuli na kumwacha mgeni amekaa sebuleni. Mwisho waweke namba yao wenyewe ya kurejesha akaunti. Naomba Mungu usiwe uliweka ya dukani.

---

Mchapaji_Arua | Jumanne, saa 8:02 mchana

...

---

DadaKasese | Jumanne, saa 8:03 mchana

Kaka!!!

---

Mwalimu_Kisw | Jumanne, saa 2:25 usiku

Mimi ni mteja wa maduka kama hayo. Leo baada ya kusoma uzi nimefungua WhatsApp, nikaenda kwenye vifaa vilivyounganishwa. Nimekuta kompyuta mbili. Moja yangu. Nyingine ni ya duka nililochapia mitihani ya muhula uliopita! Niliunganisha ili nitoe faili, nikalipa, nikaondoka. Miezi mitatu mtu wa pale angeweza kusoma kila ninachoandikiana na mke wangu, na mitihani yenyewe juu yake. Simu yangu haikuhitaji kuwa karibu wala kuwashwa.

Nimeiondoa. Nimeweka pia ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp, kwa sababu kuna mchezo mwingine hapa shuleni: unapigiwa na "mwanakamati wa SACCO", anakwambia umetumiwa namba ya kuingia kwenye kundi jipya, msomee. Namba hiyo ndiyo ya kusajili WhatsApp yako kwenye simu yake. Dakika kumi baadaye wewe mwenyewe unawaomba ndugu zako laki mbili za hospitali. Walimu wanne wameliwa. Mmoja ni wa hesabu.

---

BodaMsomi | Jumanne, saa 2:40 usiku

Wa hesabu 😂

Na vile vibanda vya kuchaji simu vijijini? Unaiacha asubuhi, unaichukua jioni, laini ndani, na mchajishaji anajua jina lako na namba. Mimi laini yangu ina PIN yake yenyewe, si ya simu, ya laini. Ukiihamishia simu nyingine inaomba. Ukikosea mara tatu inataka PUK, ile namba ya kufungulia laini. Na PUK ukikosea mara kumi kadi imekufa, kwa hiyo iandike mahali kabla hujaanza ushujaa.

---

Mwanachuo_ | Jumanne, saa 3:15 usiku

Naomba kuuliza kidogo nje ya mada. Mimi laptopu yangu haikuibwa, ila mafaili yote yamefungwa. Nilipakua programu ya kuchora nyumba, ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli isilipiwe, maana ya kulipia ni mamia ya dola. Nikaambiwa nizime kwanza kinga ya virusi ili kraki ifanye kazi, nikazima. Kesho yake kila faili lina mkia wa herufi nne nisizozijua, na kila folda ina faili la _readme.txt linalodai dola 980, au 490 nikilipa ndani ya saa 72. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho umo. Fundi mmoja wa mtandaoni ananiambia nimpe laki tatu afungue.

---

FundiWaBusia | Jumanne, saa 3:50 usiku

Si nje ya mada, ni wizi uleule ila huyu hakukubebea chombo.

Usimpe laki tatu. Maelezo yako ni ya kirusi cha jamii ya STOP Djvu. Naomba uwe na subira unisome vizuri, maana hiki ndicho ninachokutana nacho kuliko chochote.

Kinapoingia hutafuta kompyuta ya mabwana zake kwenye intaneti ili kipewe ufunguo wa kukufungia wewe peke yako. Kikiikosa, hutumia ufunguo wa akiba, ambao ni mmoja kwa waathirika wengi. Tazama ile namba ya utambulisho kwenye _readme. Ikiishia na t1, ni ya akiba, una bahati kiasi: kampuni ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure mwaka 2019, na kwa baadhi ya funguo za akiba kinafanya kazi. Isipoishia na t1, huyo fundi wa laki tatu naye hana ufunguo, kama watu wengine wote. Atakula pesa yako.

Pili, kirusi hiki kina haraka. Hufunga kama kilobaiti 150 za mwanzo za kila faili, halafu kinaruka kwenda jingine. Barua ndogo imekwisha yote. Lakini video ndefu au faili kubwa la zip limejeruhiwa kichwa tu, mwili mzima uko salama, na zipo njia za kuokoa sehemu kubwa. Kwa hiyo usifute wala usifomati. Toa diski, weka kando, tumia nyingine.

Tatu: kirusi hiki mara nyingi hufuatana na kingine kinachochukua nywila ulizozihifadhi kwenye kivinjari. Badilisha zote, kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, si hiyo. Na kinga ya Windows yenyewe, ile ya bure inayokuja nayo, huenda ingekizuia. Ndiyo maana walikwambia uizime.

---

Mwanachuo_ | Jumanne, saa 3:58 usiku

Inaishia na t1!!!

---

FundiWaBusia | Jumanne, saa 4:01 usiku

Usishangilie bado. Jaribu, ulete majibu.

---

MtotoWaClockTower | Jumanne, saa 4:30 usiku

Haya nimekubali kidogo. Lakini mmesahau VPN, zile programu za kupitishia intaneti njia ya pembeni. Facebook imefungwa tangu Januari 2021, kila mtu nchini ana VPN ya bure kwenye simu, na nyote mnaingia benki humohumo. Hizo VPN zinasoma kila kitu.

---

FundiWaBusia | Jumanne, saa 4:48 usiku

Si kila kitu. Programu ya benki husimba mazungumzo yake kabla hayajafika kwenye VPN, mwenye VPN anaona unakwenda benki gani, haoni PIN. Hatari ni pale unapotumiwa VPN kama faili kwenye WhatsApp, unaiweka mwenyewe kutoka nje ya duka la Google, inaomba ruhusa ya kusoma SMS na kutazama skrini, unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Hiyo haina haja ya kuvunja usimbaji. Imekaa begani kwako.

Mimi huizima kabla ya kugusa pesa, kwa mazoea tu.

---

DadaKasese | Jumatano, saa 11:50 jioni

Hizo ruhusa zimenikumbusha. Niliwahi kukopa elfu themanini kwenye programu ya mikopo. Iliomba majina yote ya kwenye simu, nikabonyeza. Nilipochelewa siku nne, ujumbe ukawafikia bosi wangu, shemeji, na mtu niliyemhifadhi kama "Fundi Choo": kwamba mimi ni mkimbia deni. Fundi choo ndiye pekee aliyenipigia kuniuliza kama niko salama.

Na walimu, msicheke. Wenzenu wangapi kadi ya ATM na PIN viko kwa mkopeshaji mpaka mwisho wa mwezi? UMRA, mamlaka ya kusimamia wakopeshaji wadogo, imekuwa ikikataza wakopeshaji kushika ATM na vitambulisho vya watu, na bado droo zimejaa.

---

Mwalimu_Kisw | Jumatano, saa 12:20 jioni

Hapo umegusa mahali penye kidonda. Naomba tuendelee na mada nyingine.

---

Mama_Bombo | Jumatano, saa 1:00 usiku

Na daftari la wakala je? Lile la mistari, limelazwa wazi kaunta, unaandika jina, namba, kiasi, sahihi. Nikiwa wa tano kwenye foleni nimeshasoma wanne walionitangulia. Yule aliyetoa milioni mbili namjua jina, namba na njia anayopita. Halafu jioni anapigiwa: "Mzee fulani, ulitoa pesa leo, kuna hitilafu, tupe PIN tukurekebishie." Anashangaa wamemjuaje! Wafere hawa, yaani matapeli, hawakuvunja kompyuta yoyote. Walikuja kutoa elfu tano.

Mimi nikishaandika hugeuza ukurasa. Wakala hununa.

---

Mchapaji_Arua | Ijumaa, saa 2:15 usiku

Nimerudi na ripoti.

Nimewafikia watu 139 kati ya 212. Mamlaka ilinijibu niwaarifu wateja, basi nimelipia tangazo la redio, mara tatu kwa siku, kwa Kiswahili na Lugbara. Lilisema aliyeskani kwangu aangalie akaunti zake na laini yake. Siku ya kwanza watu walikuja kunigombeza. Siku ya pili walikuja wengi zaidi, nao wakatoa kazi za kuchapa. Biashara siielewi.

Kompyuta mbili zilizobaki zote zilikuwa na Windows 10 ya kraki. Fundi aliniambia faraghani, na sasa nasema hadharani: hata ile halali ilikatiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Moja tumeiwekea Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice ya kuchapia, zote za bure, diski imesimbwa. Msichana wangu wa kazi alilalamika asubuhi moja, mchana akasahau. Ya pili inasubiri pesa. Mashine zimefungwa kwa mnyororo kwenye meza, na meza kwenye ukuta. Hesabu zangu za duka, ambazo nazo zilikwenda na ile ya katikati (hilo sikuwaambia, niliona haya), sasa zina nakala kwenye diski ya nje inayolala nyumbani.

Na kila jioni kabla ya kufunga, folda ya kazi za siku inafutwa, kisha programu inaandika takataka juu ya nafasi ile. Diski zangu ni za zamani zile za kuzunguka, fundi anasema kwa hizo inatosha. Fotokopi kubwa nayo kumbe ina diski ndani, inakumbuka kurasa. Mwaka wa tisa ninayo, sikujua.

Barua pepe za wateja sasa wanajiandikia nywila wenyewe, nageuka nyuma. Akisahau, amesahau.

---

Wakili_Mdogo | Ijumaa, saa 2:40 usiku

Usajili?

---

Mchapaji_Arua | Ijumaa, saa 2:41 usiku

Fomu ninayo mezani, wakili. Wiki ijayo.

---

Mwanachuo_ | Ijumaa, saa 4:05 usiku

Kifunguzi kimefungua mafaili 1,140 kati ya 1,300 na kitu. Ripoti ya mradi imo. Michoro miwili haimo. Fundi, nitakununulia rolex, chapati ya mayai manne.

---

BodaMsomi | Jumamosi, saa 3:10 asubuhi

Na mwizi je?

---

Mchapaji_Arua | Jumamosi, saa 7:20 mchana

Jana polisi waliniita. Kasha la kompyuta limeokotwa kwenye mtaro, limefunuliwa, ndani hamna diski. @MtotoWaClockTower, ulisema wameifomati. Sasa sijui. Labda imefomatiwa, labda iko kwenye kebo ya mtu.

Leo asubuhi yule mama wa samaki wakavu amerudi. NIRA, mamlaka ya vitambulisho, wamempa kitambulisho kipya, amelipa ada, anataka nakala mbili. Nikampiga nakala, nikamgeuzia skrini, nikafuta mbele ya macho yake nikimweleza kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo nikikipoteza tena humo ndani sitakuwemo."

Nikamwambia hatakuwemo.

"Na ile ada utatoa wewe?"

Sikuwa na jibu. Nikamwandikia NIN yake kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara nne, akakifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa ya samaki, akaenda zake.